Ritani Ajaze Nani? Mjadala wa Kariakoo na Posta

Kodi ya mfanyabiashara wa Kariakoo imehamia kwenye skrini. Namba ya mlipakodi, TIN, inaombwa mtandaoni, ritani inajazwa kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kontroo namba ya kulipia inatoka hapo hapo, na malipo yanamalizikia kwenye simu au kwa wakala wa benki. Makao makuu ya TRA yako Sokoine Drive, Posta, mwendo mfupi kutoka Mtaa wa Kongo, lakini mwenye duka anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukanyaga ngazi zake. Swali linalobaki ni nani akae mbele ya hiyo skrini, na awe na programu gani mkononi.

Wasemaji watatu wafuatao nimewabuni, ila hoja zao zinasikika kila siku. Mjomba anauza vitenge na mashuka, jumla na rejareja, katika fremu ya kupanga Kariakoo. Mpwa wake ni mhasibu, kazi yake iko Posta. Kijana ana steshenari yenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi. Ni mwishoni mwa Machi. Kwa wanaohesabu mwaka wao kuanzia Januari, tarehe 31 ndiyo mwisho wa kuwasilisha makadirio ya kodi na kulipa awamu ya kwanza kati ya nne.

MPWA: Shikamoo, Mjomba. Nasikia umempa tena mtu TIN na nywila yako akujazie.

MJOMBA: Marahaba, mama. Nimempa, na sioni kosa. Mimi najua kitenge. Nipe ncha ya pande niilowanishe na niisugue kwa vidole, nitakwambia kama rangi itachuja. Mambo ya ritani yana wenyewe.

MPWA: Na mwaka jana huyo mwenyewe aliandika mauzo kiasi gani?

MJOMBA: Aliandika yanayofaa.

MPWA: Yanayomfaa nani? Kila jioni unatoa Z ripoti, jumla ya mauzo ya siku, kwenye mashine yako ya risiti, EFD, na taarifa za mauzo zinakwenda TRA. Afisa anaweza kuyajua mauzo yako kabla huyo mtu hajawasha kompyuta. Akipunguza, tofauti inaonekana. Akizidisha, unalipia faida ambayo hukuiona. Na barua ya kudaiwa inakuja kwa jina lako, haiji kwa lake.

MJOMBA: Basi ninunulie programu tuyamalize. Binamu yako wa Houston anasema huko wananunua programu, inawauliza maswali kama mtu anayehojiwa, wakimaliza inapeleka yenyewe serikalini. Nataka kama ile.

MPWA: Ile imetengenezwa kwa ajili ya sheria za kwao, hapa haina kazi. Halafu huko nako wanalalamika. Kwa miaka mingi serikali ya Marekani iliyaachia makampuni kazi ya kumfikisha mlipakodi mlangoni kwake. Mwaka 2022 kampuni ya Intuit, yenye TurboTax, ilikubali kulipa dola milioni 141 kumaliza madai ya majimbo yote 50 kwamba iliwavuta watu kwa tangazo la bure kisha ikawatoza. Mwaka 2024 serikali ikajaribu njia yake yenyewe, Direct File, katika majimbo 12. Haikudumu, imeondolewa kabla ya msimu wa 2026. Hapa kwetu mlango ni wa TRA na kuupita ni bure. Hakuna anayeweza kukuuzia mlango ambao uko wazi. Cha kuchagua ni unachokuja nacho mkononi unapofika pale.

MJOMBA: Hicho ninacho. Mali bila daftari hupotea bila habari, nimefundishwa hilo kabla hujazaliwa. Kaunta buku langu liko chini ya meza ya pesa, kila siku na ukurasa wake.

MPWA: Na ni zuri, silidharau. Kasoro yake ni kwamba nakala ni moja, na kujumlisha miezi 12 kwa kikokotoo kunakula usiku tatu. Tazama na risiti zako za manunuzi. Karatasi ya mashine inachapwa kwa joto, wino hakuna. Toa ile ya Juni iliyokuwa dirishani. Unaona? Imebaki nyeupe na kivuli cha QR. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe si chini ya miaka mitano. Hii haijamaliza hata mmoja.

MJOMBA: Hiyo ilikuwa ya mzigo wa mashuka, laki kadhaa.

MPWA: Na matumizi yasiyo na ushahidi, afisa anayakata. Ndiyo maana nasema anza na simu: risiti ikifika, ipige picha siku hiyo hiyo. Halafu jedwali la Excel lenye safu za tarehe, mauzo ya Z, manunuzi, pango, umeme, mishahara, usafirishaji. Kwa duka lako hiyo ni programu kamili. Ukikua, kuna Tally, ya Wahindi, ambayo wahasibu wengi wa maduka ya jumla wanaijua na ni hodari kwa stoku. Kuna QuickBooks, ya hao hao Intuit, unailipia kila mwezi. Na kuna VFD, ambapo risiti za TRA zinatolewa na programu kwenye simu au kompyuta badala ya ile mashine ya mezani. Hiyo lazima itoke kwa msambazaji aliyeidhinishwa na TRA, usidanganywe na mtu wa barabarani.

MJOMBA: Umezitaja kama anayesoma menyu. Ipi inajua Kariakoo?

MPWA: Kwa maana gani?

MJOMBA: Kwa maana hii. Fremu hii nilipoipata nililipa kilemba, hela ya kuachiwa fremu, kabla ya pango. Kilemba hakina risiti, aliyekipokea hataki hata kukisikia kikitajwa. Programu yako itakiweka safu ya ngapi? Halafu mwenye nyumba. Sheria inasema nikate kodi ya zuio asilimia 10 kwenye pango nipeleke TRA. Nikimwambia, anajibu anataka hela yake kamili, kama siwezi kuna wenzangu kumi wanaisubiri fremu. Kwa hiyo ile 10 naitoa mfukoni mwangu. Programu ya Marekani au ya India inalijua hilo?

MPWA: Haijui, na ndiyo hatari ya kununua jina. Programu ya nje haiji na kodi ya zuio ya pango, wala haijui kwamba ukifikisha wafanyakazi 10 kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, asilimia 3.5 ya mishahara tangu 2023. Lazima mtu aziingize kwa mkono, na kila Julai Sheria ya Fedha ikibadilisha kiwango, azibadilishe. Ukinunua, muulize muuzaji: nani atabadilisha viwango, na kwa bei gani? Akianza kuzungukazunguka, ondoka.

MJOMBA: Na mali kauli? Wateja wangu wa Morogoro na Mbeya wanachukua leo kwa neno, wanalipa wakiuza. Wengine hawalipi.

MPWA: Hapo ndipo uchaguzi wa programu una maana. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamruhusu mfanyabiashara binafsi kuhesabu kwa fedha iliyoingia au kwa mauzo yaliyofanyika hata kama hajalipwa. Kampuni hairuhusiwi kuchagua, inahesabu mauzo yaliyofanyika. Programu nyingi ukiziacha zilivyo zinachukua njia ya pili, kwa hiyo mzigo wa Mbeya unahesabika mapato siku unayoandika ankara. Asiyelijua hili analipa kodi ya pesa iliyoko kwa mwenzake.

MJOMBA: Ehe. Hilo mtu wangu hakuniambia.

MPWA: Na hakuwa na sababu ya kukuuliza. Yeye anajaza fomu, biashara haijui.

MJOMBA: Sawa, nimekuachia hapo. Sasa nijibu lenye uzito. Nguo zangu nyingi zinatoka China. Sina mtaji wa kontena zima, tunachangia watu 20 au 30. Nyaraka za forodha zinatoka kwa jina la wakala wa mzigo. Mimi napata karatasi ya kilo na bei ya kusafirisha. Siku ya kukadiriwa naambiwa nithibitishe nimenunua kwa kiasi gani. Nithibitishe kwa nini? Excel itanizalia risiti?

MPWA: Hapana.

MJOMBA: Hili ndilo lilikuwa moyoni mwa watu walipofunga maduka tarehe 15 Mei 2023. Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, alikuja, tukaitwa Mnazi Mmoja tarehe 17, watu wakasema mbele yake: kikosi kazi cha TRA, usajili wa stoo, risiti, mizigo ya kuchangia. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Hakuna aliyegoma kwa sababu hajui kutumia kompyuta. Kwa hiyo mtoto wa Posta akija na habari ya programu, naona anatibu mguu wakati kinachouma ni tumbo.

MPWA: Hapo sina jibu la programu, Mjomba, na nisikudanganye. Namba zisizokuwepo haziwezi kuandikwa. Hilo ni la sera, na Rais aliunda tume ya kuangalia mfumo mzima wa kodi, ikazinduliwa Oktoba 2024 chini ya Balozi Ombeni Sefue. Lakini nina hoja moja. Ulipomtumia wakala pesa, ulituma kwa benki?

MJOMBA: Nusu benki, nusu simu.

MPWA: Basi kuna ujumbe, kuna taarifa ya benki, kuna orodha ya mzigo, kuna ile karatasi ya kilo. Vikikaa pamoja, vimepangwa kwa tarehe ya kontena, una kitu cha kuweka mezani. Havilingani na nyaraka za forodha, ila vinazidi mikono mitupu. Ukikadiriwa kupita kiasi una siku 30 za kupinga, na pingamizi halisikilizwi kwa maneno matupu.

MJOMBA: Mbona hukutaja kwamba nikipinga nalipa theluthi kwanza?

MPWA: Unalipa theluthi, au ile sehemu usiyoibishia kama ni kubwa zaidi. Unaweza kuomba upunguziwe au usamehewe hilo sharti, na hapo tena unahitaji sababu za maandishi. Mimi sisemi daftari litakuepusha na kodi. Nasema litakupa nafasi ya kubishana.

(Kijana wa steshenari anaingia na bahasha ya fotokopi za Mjomba.)

KIJANA: Shikamoo, mzee. Dada, habari za kazi. Nimesikia kodi inatajwa, na mimi ndiyo msimu wangu.

MJOMBA: Kaa. Wewe ndiye unayejazia watu. Mwambie dada yako kwa nini wanakuja kwako na tovuti ni bure.

KIJANA: Wanakuja kwa mambo matatu. Kwanza lugha ya fomu, mtu anaijua biashara yake vizuri lakini akikutana na maneno ya kihasibu anaganda. Pili hofu, anaona akibonyeza vibaya ataambiwa anadaiwa mamilioni. Tatu muda. Tarehe za mwisho sistimu inazunguka, yeye hawezi kuacha duka akae anaangalia duara linazunguka. Mimi naweza.

MPWA: Na kuhusu hesabu?

KIJANA: Hesabu mimi sizijui, dada. Mtu ananipa mauzo, naandika. Akiniuliza aweke ngapi namwambia akaulize mhasibu. Wapo wenzangu wanaojibu, mimi siwezi. Ila nikuambie jambo linalowaumiza kuliko yote. Wengi walipofungua akaunti hawakuwa na barua pepe, wakawekewa ya mtu, na namba ya simu ya mtu. Mwaka unaofuata yule mtu amehama, laini imefungwa, nywila imesahaulika. Ujumbe wa kubadilisha nywila unakwenda kwenye simu isiyopatikana. Mwenye biashara amefungiwa nje ya akaunti yake.

MPWA: Nywila za wateja unazitunza wapi?

KIJANA: (Anacheka.) Kwenye kaunta buku. Wenyewe wanaomba, wakienda nazo wanazipoteza.

MPWA: Kaka, lile buku lichome. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na unachokibeba pale ni TIN za watu, mauzo yao na njia ya kuingilia. Likiibwa, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

KIJANA: Nikilichoma, Machi watanijia wakilia.

MJOMBA: Unaona sasa? Programu, nywila, barua pepe, ujumbe wa simu. Zamani nilikuwa nakwenda dirishani, naonana na mtu, tunaelewana.

MPWA: Na kuelewana kwenyewe ndiko kulikokugharimu, Mjomba. Mchukue mwanao anayeuza mitandio pale nje. Mauzo yake kwa mwaka hayafiki milioni 11. Chini ya viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na 7 asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Akiuza milioni 6, hiyo ni 60,000. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu ni 250,000, mwenye nazo ni 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Akiuza milioni 10 analipa 180,000. Shilingi 70,000 zinapotea kwa kukosa daftari, na daftari lenyewe ni la bei ndogo.

MJOMBA: Hilo binti hajaambiwa.

KIJANA: Wengi hawajui, mzee. Wanaona kodi ni kile alichosema afisa siku ile.

MPWA: Ndiyo maana kwa binti, programu ya kununua ni kupoteza hela. Daftari, simu ya kupigia picha, na akaunti yake mwenyewe ya TRA, basi. Wewe Mjomba mauzo yako yamevuka milioni 100, huwezi kukadiriwa tu, lazima utengeneze hesabu. Hapo mhasibu aliyesajiliwa anahitajika mwisho wa mwaka, na ritani kamili inawasilishwa ndani ya miezi sita, yaani hadi Juni 30. Sisemi umfukuze kila mtu. Ila mlipe mtu kwa ajili ya kile usichokiweza, nywila baki nayo.

MJOMBA: Na siku nikivuka milioni 200?

MPWA: Utaingia kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ritani kila mwezi, mwisho tarehe 20. Manunuzi yasiyo na risiti halali ya EFD huwezi kudai kodi yake, na yaliyo nayo una miezi sita ya kuyadai. Hapo Excel inaanza kuchoka, kosa la safu moja linarudi kila mwezi. Hapo ndipo Tally au nyingine ya aina hiyo inalipa gharama yake. Usiinunue kabla.

KIJANA: Dada, na Kenya wanafanyaje? Wateja wangu wengine wana ndugu huko, wanasema kila mtu anajaza.

MPWA: Kila mwenye PIN ya KRA, mamlaka ya kodi ya kule, anatakiwa kujaza kupitia mfumo wa iTax, hata mwajiriwa ambaye kodi yake imeshakatwa na hata asiye na mapato. Ndiyo maana mwisho wa Juni saiba za kule zinajaa. Hapa mwajiriwa mwenye mshahara mmoja tu, kodi ikikatwa na mwajiri, hatakiwi kujaza ritani. Kwa hiyo mzigo wa kujaza kwetu umewaangukia zaidi watu kama Mjomba, ambao namba zao ndizo ngumu kuliko zote.

MJOMBA: Afadhali umelisema wewe. Basi nisikilizeni. Nywila nitabadilisha leo, namba ya simu iwe yangu na barua pepe iwe yangu, kijana atanifungulia. Awamu hii nitaijaza mwenyewe, mama ukae pembeni unione. Biashara ikiyumba katikati ya mwaka nitarekebisha makadirio, maana nimeambiwa inaruhusiwa. Lakini habari ya kontena hamjaijibu, na msiniambie nimeshindwa mjadala.

MPWA: Hujashindwa, Mjomba.

Na kweli hajashindwa. Katika mabishano yao kuna mambo mawili yaliyochanganyika, na kila moja lina mwenyewe. La kwanza ni la mfanyabiashara: Z ripoti ya kila siku, picha ya risiti kabla haijafutika, akaunti iliyofunguliwa kwa simu yake, na uchaguzi wa chombo kinacholingana na ukubwa wa biashara. Hapo Mpwa yuko sahihi, na kisingizio cha kutokujua kompyuta kinaficha gharama ambazo mtu anazilipa bila kuziona, kama zile 70,000 za binti wa mitandio. La pili ni la serikali. Mzigo wa kuchangia utapata nyaraka pale forodha itakapomtambua kila mwenye bando ndani ya kontena, na zuio la pango litakatwa kweli kwenye pango pale mwenye nyumba atakapoulizwa yeye. Hayo hayapakuliwi kwenye simu.

Hatari ninayoiona ni kila upande kuutumia udhaifu wa mwenzake. Ofisi inasema mfumo upo, asiyejaza ni mzembe. Soko linasema mfumo hautujui, kwa hiyo tumwachie mtu wa kuandika yanayofaa. Kwa anayechagua programu wiki hii, kipimo changu ni kimoja. Afisa akiweka kidole kwenye namba yoyote ya ritani na kuuliza imetoka wapi, mwenye duka aweze kumwonyesha mwenyewe, bila kumpigia mtu simu. Programu inayomfikisha hapo inatosha, hata ikiwa ni jedwali la Excel. Isiyomfikisha hapo ni ghali, hata akipewa bure.